Kii Inalipwa na Nani?

Ukihamia nyumba ya kupanga huku Magongo na ukute mpangaji aliyekutangulia ameacha ekstensheni, hebu fungua plagi yake. Mara nyingi utakuta fyuzi imezungushiwa ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, ama imetolewa kabisa na mahali pake pamewekwa kipande cha waya. Iliungua usiku mmoja, maduka yalikuwa yamefungwa, mtu akataka kuchaji simu. Simu ikachaji. Mwaka umepita na bado inachaji.

Sasa niulize: huyo mtu alitengeneza plagi, ama aliiharibu?

Usikimbilie kujibu. Ukiangalia kinachoonekana, alitengeneza. Ilikuwa haifanyi kazi, sasa inafanya. Lakini kazi ya fyuzi haikuwa kupitisha umeme. Waya wowote unapitisha umeme. Kazi yake ilikuwa kuungua. Plagi hizi za miguu mitatu tulizirithi kutoka Uingereza, ambako kiwango chake kilitolewa mwaka wa 1947, na jambo linalozitofautisha na plagi za nchi nyingine ni kwamba kila moja inabeba fyuzi yake tumboni. Waliozibuni walifikiria hivi: umeme ukizidi, lazima kuna kitu kitaharibika. Afadhali kiharibike kitu cha shilingi chache kuliko waya wa kifaa, na ukuta ulio karibu, na mtoto aliyelala upande wa pili wa ukuta.

Yaani fyuzi imeundwa ishindwe kwa niaba ya wengine. Ukiizuia kushindwa, hujaipa nguvu. Umeiachisha kazi.

Haya mawazo hayakunijia kwa kusoma. Yalinijia kwa fundi wa mashine za kukata nyasi, na tangu siku hiyo nayaona kila mahali, mpaka kwenye mambo yasiyo na spana wala petroli.

Kwanza nieleze, manake najua mtu ataniuliza: Magongo na mashine ya nyasi wapi na wapi? Kweli, huu si mtaa wa nyasi. Ni mtaa wa malori, makontena, magereji na vumbi, na ndege zinazoshuka Moi International zikipita juu ya kamba za nguo. Nyasi ziko kwa wenyewe: shuleni, makanisani, kwenye nyumba zenye uwanja upande wa Port Reitz, na ng'ambo kule Nyali na mahotelini. Lakini mashine zikifa zinaletwa huku, kwa sababu mafundi wako huku. Na wanaozisukuma pia wanalala huku.

Jirani yangu ni mmoja wao. Ni kijana wa rika langu, na anakula kwa mashine moja kuukuu aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akihama nchi. Rangi imebabuka, gurudumu moja la nyuma si ndugu wa lile lingine, mpini umefungwa kwa mpira wa tairi. Huipakia kwenye tuktuk asubuhi na kurudi nayo jioni akinuka majani. Siku moja alirudi nayo saa tatu asubuhi. Ilikuwa imegonga jiwe lililojificha kwenye nyasi za uwanja wa kanisa, ikazima, na tangu hapo kila akivuta kamba, kamba ilimrudisha mkono kwa hasira. Nilimsindikiza kwa fundi kwa sababu mashine ni nzito, na mtu anayeishi kwa kuandika makala za watu huwa na nafasi saa tatu asubuhi.

Fundi ni mzee wa maneno machache. Kitu cha kwanza alichofanya ni kung'oa waya wa plagi ya injini kabla hajashika kingine chochote. "Kidole hakina spea," alisema. Akafungua kifuniko cha juu, akalegeza nati kubwa, akagongagonga taratibu mpaka likatoka lile gurudumu zito ambalo mafundi huliita flaiwili. Kisha akachomoa kwa koleo kipande cha chuma chepesi, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, akakiweka kiganjani mwa jirani yangu. Kilikuwa kimekatika nusu, kama jino lililopasuka.

Hiyo inaitwa kii.

Kwenye injini nyingi za aina hii, kisu cha chini na flaiwili ya juu vimeshikwa na mhimili mmoja, krenki. Kii inakaa kwenye mfereji mdogo kati ya krenki na flaiwili, na ndiyo inayohakikisha flaiwili imekaa pembe yake, ili sumaku iliyo ubavuni mwake ipite penye koili kwa wakati na cheche iruke wakati unaofaa. Kisu kikigonga jiwe, krenki inasimama ghafla. Flaiwili, ambayo ni nzito na ina mbio zake, inataka kuendelea. Hapo ndipo kii, ambayo imetengenezwa kwa madini laini makusudi, inakatika. Flaiwili inateleza kidogo, mshtuko unapungua. Baada ya hapo mashine haiwaki, ama inawaka kwa kukohoa, kwa sababu cheche inaruka mapema ama imechelewa. Inaonekana imekufa. Kumbe imejiokoa.

Jirani yangu hakutaka mafunzo. Alitaka kurudi kanisani kabla ya saa sita.

"Mzee wangu, hii ni mara ya tatu mwaka huu. Niwekee ya chuma kigumu, isinisumbue tena."

"Chuma kipo," fundi akasema. "Nikikata msumari hapa, dakika tano ushaenda. Lakini mwanangu, jiwe halitaacha kuwa jiwe. Hii isipokatika, ile nguvu itaenda wapi?"

Jirani akanyamaza.

"Itaenda kwa krenki. Krenki ikipinda, mashine hii utaniuzia kwa kilo."

Akaweka kii laini kama ile ya kwanza. Akakaza nati, akapima nafasi ya koili kwa kupenyeza kadi ya salio iliyokwisha kukwaruzwa kati yake na sumaku, akarudisha kifuniko. Mvuto wa pili, mashine ikanguruma.

Ningetaka tukae kidogo kwenye ule mvutano wao, kwa sababu kuna swali la haki ndani yake. Mteja ndiye mwenye mashine. Pesa ni zake, mkono wake ndio unaoumia. Ameomba chuma. Kwa nini asipewe chuma? Tunaambiwa kila siku mteja ni mfalme. Na fundi angemwekea msumari, mteja angeondoka akimshukuru, na krenki ikija kupinda baada ya miezi miwili, nani angekumbuka msumari? Angesema tu mashine imezeeka.

Hapo ndipo naona deni la fundi. Anajua nguvu itaenda wapi, mteja hajui. Anayejua ana deni la kusema. Hata Katiba yetu ya 2010, kwenye kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na kitu ama huduma anayolipia. Watu hudhani kifungu hicho ni cha makampuni makubwa na wanasheria wao. Mimi nilikiona kikitekelezwa chini ya turubai, kwa sentensi moja: ile nguvu itaenda wapi?

Fundi hakumkatalia. Alisema chuma kipo. Alimpa swali, akamwachia uamuzi. Angekataa tu, angekuwa amemfanya mtoto. Angeweka msumari kimya, angekuwa amemfanya mjinga. Kati ya hizo njia mbili kuna ya tatu, nayo ni ngumu zaidi kwa sababu inachukua muda na hailipwi. Neno letu lenyewe, kutengeneza, limezaliwa na kutengenea, yaani kukaa sawa. Kitu kinaweza kufanya kazi bila kutengenea. Ile plagi ya waya inafanya kazi.

Na si kwamba werevu huu ni wa vitabuni tu. Mashine ya kwanza ya kukata nyasi ilibuniwa na Edwin Beard Budding kule Stroud, Uingereza, mwaka wa 1830, na wazo alilitoa kwa mashine ya kiwandani iliyokuwa ikipunguza manyoya ya vitambaa vya sufu. Aliona kitambaa akafikiria uwanja. Huyohuyo pia anahesabiwa miongoni mwa waliobuni spana ya kurekebisha, ile ambayo fundi yeyote huku anayo mfukoni. Mtu aliyebuni mashine akabuni na kifaa cha kuifungulia. Napenda kuamini alijua vitu huharibika, na kwamba aliyeviunda ana wajibu kwa siku hiyo pia. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Vimeundwa vielee, na vimeundwa vivunjike mahali fulani. Aliyeviunda vizuri ni yule aliyechagua mahali.

Sasa nije kwetu sisi wenyewe.

Vijana wa mji huu tumelelewa kwa neno moja: jikaze. Umefiwa, jikaze. Mshahara umechelewa miezi mitatu, jikaze. Hulali usiku, ni mawazo tu, mwanamume halii, mwanamke havunjiki, kaza roho. Tunaambiwa tuweke kii ya chuma. Na kwa muda inafaa, kama plagi ile inavyofaa. Lakini swali la fundi halijaenda popote. Mtu asipokatika mahali padogo, ile nguvu itaenda wapi? Nimewaona watu wa mtaa wetu ambao hawakuwahi kulalamika hata siku moja, mpaka siku moja ambayo hapakuwa tena na kitu cha kutengeneza.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilifika mahali ambapo njia pekee ya kuendelea ilikuwa mama auze kiwanja chake, kile cha pekee, alicholipia kidogokidogo kwa miaka. Nikaacha. Mtaani walisema nimevunjika, na wengine bado wananisalimia kwa sauti ile ya kumsalimia mgonjwa. Sibishani nao, kweli kuna kitu kilikatika. Lakini masomo mtu anaweza kuyarudia hata na mvi. Kiwanja kikiuzwa kimeuzwa. Ilikatika kii, krenki ikabaki.

Niliyafikiria haya nikaona nimefika. Nikamweleza jirani yangu jioni moja tukinywa kahawa, na tangawizi ilikuwa kali, na mimi nilikuwa mtamu wa maneno. Nikamsifia udhaifu uliowekwa mahali pazuri. Akanisikiza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Wewe unasifu kii kwa sababu hununui."

Na hapo hoja yangu yote ikabidi ianze upya.

Alikuwa na haki. Kii yenyewe ni bei ndogo. Lakini siku inapokatika, anapoteza viwanja viwili alivyoahidi, analipa tuktuk kwenda na kurudi, analipa mkono wa fundi, na mwenye uwanja wa pili anampa kazi mtu mwingine mwenye fyekeo. Kwa mtu mwenye akiba, kii laini ni bima. Kwa mtu anayekula alichokata leo, kila kii inayokatika ni chakula cha jioni. Ndiyo maana aliomba chuma. Hakuwa mjinga. Alikuwa akilinganisha krenki ambayo huenda ikapinda siku moja na njaa ambayo ina saa yake. Yule wa plagi ya waya naye ni vivyo hivyo. Ni rahisi kumcheka ukiwa na fyuzi mbili za ziada kwenye droo.

Basi swali la haki halikuwa kama vitu vinapaswa kuwa na mahali pa kukatikia. Lazima viwe napo. Swali ni: kikikatika, nani analipa?

Kwenye mashine jibu liko wazi. Mwenye krenki ndiye mwenye kii. Anayeokolewa na anayelipa ni mtu mmoja. Lakini angalia jinsi tulivyojipanga sisi watu. Makampuni yana kii zake, na miji ina kii zake. Ni wale wanaokatika mwanzo ili mhimili usipinde: kibarua anayesimama getini alfajiri, taniboi wa lori, mama wa chapati na maharagwe kando ya yadi ya makontena, kijana wa kuziba pancha. Kazi ikipungua, hao ndio hushuka kwanza. Wamewekwa hapo makusudi, kwa sababu ni laini na bei yao ni ndogo.

Sisi wa upande huu wa Changamwe tunakumbuka 2019. Reli ya SGR ilikuwa imejengwa kwa mkopo wa China, na mkopo ulihitaji mizigo. Agizo likatoka kwamba mizigo inayoelekea Nairobi na bara ipande reli. Kwa wenye hesabu kubwa, hiyo ilikuwa kulinda mhimili. Huku malori yakasimama, na lori likisimama halisimami peke yake: linasimama na gereji, na hoteli, na gesti, na duka la vilainishi. Watu wa Mombasa wakaandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Agizo likasimamishwa Oktoba mwaka huohuo, na Septemba 2022 rais mpya akatangaza, siku ileile aliyoapishwa, kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi bandarini Mombasa. Siandiki haya kubishana kama reli ni nzuri ama mbaya. Nchi inaweza kuhitaji reli, na mkopo lazima ulipwe. Nauliza tu: wale waliokatika ili hesabu isimame, nani aliwanunulia kii mpya? Walijinunulia wenyewe. Wengine hawakuweza.

Sheria inalijua jambo hili, kwa kiasi. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mfanyakazi akiachishwa kwa sababu kazi imepungua, apewe notisi ya mwezi mmoja na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Hiyo ndiyo bei ya kii, na imeandikiwa mwenye krenki. Sheria hiyohiyo inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotosha mwezi hawi kibarua tena. Anahesabiwa mwajiriwa mwenye haki zake. Vizuri sana kwenye karatasi. Lakini kila mtu anayepita getini asubuhi anajua ujanja wake: siku zinakaribia kutimia, unaambiwa pumzika wiki moja, kisha urudi upya kama mgeni. Kii inachomolewa kabla haijahesabiwa kuwa sehemu ya mashine.

Najua jibu litakalokuja. Ukiwalazimisha wenye kazi walipie kila kii, wataajiri watu wachache, na kibarua huyo unayemtetea atakosa hata hiyo siku moja. Hoja hii si ya kupuuzwa. Inasemwa na watu wanaolipa mishahara kwa jasho. Lakini irudishe kwa fundi. Mtengenezaji anayeweka kii laini kwenye injini, kisha asiuze kii za ziada popote, hajakulinda na jiwe. Amekutega. Ulaini unakuwa ulinzi pale tu ambapo kuna namna ya kurudi baada ya kukatika. Bila hiyo, usiniambie mfumo una unyumbufu. Niambie tu kwamba umechagua nani atupwe.

Kwa hiyo ninaposema sasa kwamba si vibaya kuvunjika, nasema kwa masharti mawili. La kwanza, anayewekwa mahali pa kukatikia ajue yuko hapo, asidanganywe kwamba yeye ni mhimili. La pili, anayeokolewa alipe. Hata ile hadithi yangu ya chuo, ambayo naisimulia kwa fahari, ilisimama kwa sharti la pili. Mama aliyebaki na kiwanja chake ndiye aliyenilisha mwaka mzima nilipokuwa sijapata hata makala moja ya kulipwa. Hakuniambia jikaze. Aliniambia kula. Pasingekuwa na sahani hiyo, ningekuwa kipande cha chuma laini kwenye vumbi la fundi, na hakuna mtu angeandika insha.

Jirani yangu hajasoma kifungu chochote, lakini amebadilisha kazi yake. Siku hizi hafungui petroli kabla hajazunguka uwanja mzima kwa miguu pamoja na mwenyewe. Mawe wanayaona wote wawili. Ama yaokotwe kwanza, ama wakubaliane kabisa kwamba kii ikikatika kwa jiwe lililoachwa, mwenye uwanja atalipa kii na nusu ya siku. Pale kanisani mweka hazina alimbishia sana. Alisema, "Lakini mashine ni yako." Akamjibu, kwa adabu, "Ndiyo, mzee. Na jiwe ni lenu."

Amepoteza mteja mmoja kwa sharti hilo. Watatu wamekubali, na kanisa ni mmoja wao. Juzi walimlipa nusu siku bila maneno mengi, na watoto wa Jumapili wakapewa kazi ya kuokota mawe yaliyobaki.